Pangaboi na taa yake vimezimika: uanzie wapi kutafuta ubovu

Mjini Moshi, pangaboi hupumzika Juni hadi Agosti. Arusha hupumzika zaidi ya hapo, na nyumba nyingi za huko hazina kabisa. Joto likirudi kuelekea mwisho wa mwaka unabonyeza swichi: mapanga yamegoma na taa haiwaki. Haraka ya wengi ni kupanda ngazi, kulishusha lote na kulibeba kwa fundi wa kusuka mota. Usianze huko.

Ndani ya pangaboi lenye taa, mota na taa havitegemeani. Mota ikiungua, taa huendelea kuwaka. Taa ikiungua, mapanga huendelea kuzunguka. Kinachoviunganisha ni njia ya umeme peke yake: breka, waya wa moto, nyutro (waya wa kurudishia umeme), viungio vya darini na, kwa yale ya rimoti, risiva, kile kiboksi kinachopokea amri za rimoti. Kwa hiyo vikifa vyote viwili kwa pamoja, shaka ya kwanza iwe kwenye njia. Kikifa kimoja, ubovu uko ama kwenye swichi yake ama juu kwenye chenyewe. Ukishalijua hilo, kazi imepungua sana kabla hujagusa bisibisi.

Kabla ya kupanda

Angalia vyumba vingine. Kama nyumba nzima iko gizani, ni LUKU imeisha, meni swichi imeruka au TANESCO wamekata. Kama taa za chumba cha jirani nazo zimezimika ila soketi zinafanya kazi, tatizo ni la sakiti ya taa nzima, na pangaboi halina kosa. Sakiti ya taa kwa kawaida ina breka ndogo ya ampea 6 au 10 kwenye kibao. Breka iliyoruka wakati mwingine hukaa katikati badala ya kushuka kabisa, na kwa mbali huonekana kama iko sawa. Ishushe hadi chini kwanza, ndipo uipandishe.

Ikiruka tena papo hapo, usiilazimishe. Zima swichi ya pangaboi na ujaribu upya. Ikikaa mpaka pale unapowasha pangaboi, kuna shoti kwenye kikombe cha juu kinachofunika ndoano, kwenye mota au kwenye holda ya taa. Ikiruka hata pangaboi likiwa limezimwa, mara nyingi shoti iko kwenye nyaya za darini, na hapo panya ni mtuhumiwa wa kwanza. Nyumba nyingi zina nyaya zilizolazwa juu ya silingibodi bila paipu, na panya hutafuna plastiki mpaka shaba ikabaki wazi. Kinachoruka kikiwa ile breka (RCD) ya kuzuia watu wasipigwe shoti, maana yake umeme unavujia kwenye ethi. Msimu wa masika tazama kama bati linavuja juu ya pangaboi.

Pangaboi la kamba huwa na kamba mbili, moja ya mapanga na nyingine ya taa. Mtoto akizivuta zote, kila kitu kinazimika na swichi ya ukutani haisaidii. Vuta kila moja mara moja moja huku swichi ikiwa imewashwa.

Vifaa vya kazi yenyewe: testa, maltimita (chagua yenye kipimo cha kapasita, maana utakihitaji), bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, konekta za ampea 5, selotepu ya umeme na ngazi ya mbao. Ngazi ya chuma iache nje.

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Kuna nyumba ambazo fundi alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Unazima, taa inazimika, lakini juu umeme upo unakusubiri. Zima breka na uibandike selotepu ili mwingine asiiwashe. Kama kuna sola yenye inveta au jenereta, nayo izimwe. Kisha hakikisha kwa testa katika hatua tatu: jaribu mahali unapojua pana umeme, jaribu nyaya za pangaboi, rudi tena pale pa kwanza. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayokuambia kama testa yenyewe haikufa katikati.

Vyote viwili vimekufa

Anzia kwenye swichi, kwa sababu iko chini na haihitaji ngazi. Kwenye swichi ya gengi mbili, waya wa moto huingia upande mmoja, halafu kipande kifupi cha waya huupeleka upande wa pili. Kipande hicho kikichomoka, kimoja hufa na kingine hubaki. Waya unaoingia ukichomoka, vyote hufa. Breka ikiwa imezimwa, fungua skrubu mbili za swichi, ivute nje, na utikise kila waya taratibu. Unaochezacheza ukaze. Wenye ncha nyeusi ukate, umenye milimita 8 hivi za shaba safi, uurudishe. Sisimizi nao hupenda kujaa humo. Ukikuta mizoga yao kwenye ulimi wa swichi, nunua swichi mpya, usiihangaikie ya zamani.

Kupima swichi, weka maltimita kwenye alama ya mlio, breka ikiwa bado imezimwa. Gusa tundu la kuingilia na la kutokea: ikiwashwa ilie, ikizimwa inyamaze. Isipolia, au ikilia kwa kukatakata ukiitikisa, imekwisha.

Swichi ikiwa nzima, sasa panda. Shusha kikombe cha juu kinachofunika ndoano na utazame viungio. Hapa ndipo ubovu wa vyote viwili hupatikana mara nyingi, na sababu yake si umeme: ni mtikisiko. Pangaboi linaloyumba hutikisa nyaya zake saa zote linapozunguka, skrubu za konekta zinalegea polepole, waya unaanza kuchezacheza ndani ya tundu, unatoa cheche, unachoma plastiki, na mwisho unaachia. Ukikuta konekta ya rangi ya kahawia iliyokuwa nyeupe, umeupata ubovu. Viungio vilivyosokotwa tu na kuviringishwa selotepu huishia hivyohivyo, maana gundi ya selotepu hulainika kwa joto. Kata sehemu yote iliyoungua, menya upya, funga kwa konekta mpya, kaza, halafu vuta kila waya kwa mkono kuhakikisha.

Nyaya za kutafuta ni hizi: kwenye nyumba mpya, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Pangaboi lenye swichi mbili litakuwa na nyaya mbili za moto, moja ya mota na moja ya taa, na nyutro moja ya kuchangia. Ukiiona hiyo nyutro moja utaelewa kwa nini ndiyo inayoweza kuua vyote kwa mpigo.

Nyutro iliyokatika huwachanganya hata wanaojua. Unawasha breka, unagusa kahawia kwa testa, inawaka. Unagusa bluu, nayo inawaka! Mtu anahitimisha kwamba umeme umejaa tele na pangaboi ndilo bovu. Sivyo. Umeme umepita kwenye balbu au kwenye koili ya mota, umekosa njia ya kurudi, na sasa umesimama upande wa pili ukisubiri. Testa ikiwaka kwenye waya zote mbili huku swichi ikiwa imewashwa, tafuta nyutro iliyoachia: kwenye kikombe cha juu, kwenye silingi rozi (kile kikombe kidogo cha darini) ya taa inayotangulia, au kwenye kiungio kilichofichwa darini. Wakati huo usiiguse bluu kwa mkono. Itakupiga sawasawa na ile nyingine.

Kwa maltimita ni rahisi zaidi. Iweke kwenye AC 600 au 750 na upime kahawia na bluu: inatakiwa 230 au karibu yake. Ukipata namba ya ajabu kama 60 au 90, mara nyingi huo si umeme wa kweli, ni kivuli kinachotoka kwenye waya jirani uliolazwa sambamba. Njia ya kujua ni kufunga balbu ya waya, si ya LED, kwenye holda yenye nyaya mbili na kuigusisha hapo. Umeme wa kweli utaiwasha, kivuli hakitaiwasha.

Mapangaboi ya rimoti yana njia moja ya ziada ya kufa pamoja na taa. Anza na betri. Nyingi ni zile ndogo za volti 12 au AAA, na zikilala miezi ya baridi huisha. Kama rimoti ina kijitaa mbele kama ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze: kijitaa kikimulika kwenye skrini, rimoti inatuma. Zisizo na kijitaa hutumia redio na hazipimiki hivyo. Rimoti ikiwa nzima, pima risiva iliyoko kwenye kikombe. Umeme wa 230 unaingia na hakuna kinachotoka kwenda kwenye taa wala mota? Imeungua. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika ndio huziua nyingi, na ukiifungua huenda ukakuta kidude cha duara kilichopasuka na masizi pembeni. Risiva huuzwa peke yake pamoja na rimoti yake, ila hakikisha unachukua ya mota ya AC. Mota za DC, zile za kuokoa umeme, zina bodi yake maalumu na hazikubali risiva ya jumla. Na umeme ukikatika, zima pangaboi ukutani mpaka urudi na utulie. Hakuna kinga rahisi kuliko hiyo.

Taa inawaka, mapanga hayazunguki

Zima swichi na usukume panga kwa kidole. Linatakiwa lizunguke laini mizunguko kadhaa na kusimama lenyewe. Likikwama au kukwaruza, beringi zimekauka. Hilo hutokea sana baada ya miezi ya kukaa bure, vumbi la kiangazi likiwa limeingia kwenye grisi. Mapangaboi mengi hutumia beringi mbili, namba 6201 au 6202. Namba imechorwa kwenye pete yake, isome na ununue ileile. Mafuta ya kupikia na mafuta ya cherehani si dawa. Yanalainisha siku chache, halafu yanakamata vumbi na kuganda.

Likizunguka laini, washa, simama pembeni na usikilize. Mota inavuma kwa chini lakini mapanga hayaendi? Chukua fimbo ya mbao ndefu, usukume panga kidogo kuelekea upande wake wa kawaida. Likianza kuzunguka lenyewe baada ya kusukumwa, kapasita imekufa. Hiki ndicho kipande kinachoharibika kuliko vyote na bei yake ni ndogo, lakini mota nyingi nzima hupelekwa kusukwa kwa sababu yake.

Kazi ya kapasita ni kuipa koili ya pili umeme uliopishana kidogo na wa koili ya kwanza. Bila kupishana huko, mota inapata mtetemo tu, haijui izungukie wapi. Inavyozeeka inapungua nguvu, ndiyo maana pangaboi huanza kwa kuzunguka polepole, mwezi baada ya mwezi, kabla ya kugoma. Kwenye mapangaboi ya inchi 48 na 56 yasiyo na kamba, kapasita huwa ya maikrofaradi 2.5 au 3.15, volti 440, na hukaa kwenye kikombe cha juu au cha chini.

Zima breka. Piga picha nyaya zilivyokaa, kwa sababu kapasita ikirudishwa kwenye waya usio wake pangaboi linaweza kuzunguka kinyume na upepo usishuke. Gusisha ncha mbili za kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili kumaliza chaji iliyobaki. Ni ndogo, lakini mtu aliye juu ya ngazi akishtuka anaanguka. Kisha ipime. Ya 2.5 iliyo nzima itasoma kati ya 2.4 na 2.6 hivi. Ikisoma chini ya 2.2, badilisha. Kama mita yako haipimi kapasita, tazama umbo: iliyovimba, iliyopasuka au iliyotoka ute haihitaji kipimo.

Unaponunua, maikrofaradi ziwe zilezile na volti zisiwe chini ya zile za mwanzo. Utamsikia mtu dukani akisema chukua kubwa lizunguke kwa kasi. Usikubali: kapasita kubwa hupitisha umeme mwingi kwenye koili ya pili, mota inachemka, na ndani ya msimu mmoja unaweza kujikuta kweli unasuka mota. Pangaboi la kamba huwa na kapasita yenye nyaya tatu hadi tano na namba kadhaa juu yake. Nakili maandishi yote, rangi kwa rangi. Dalili yake nayo ni tofauti: spidi kubwa inafanya kazi, ndogo zimekufa.

Kapasita ikiwa nzima na hata mvumo hakuna, yamebaki matatu.

Regyuleta ya ukutani (kile cha kubadili spidi) yenye nyaya mbili: breka ikiwa imezimwa, zichomoe zote mbili, ziunge kwa konekta, washa. Pangaboi likizunguka kwa kasi yote, regyuleta ndiyo mbovu. Kuna mapangaboi yenye kiswichi kidogo ubavuni cha kugeuza mzunguko. Kikiwa katikati, mota haipati chochote, na mtu anayefuta vumbi hukisogeza bila kujua. La tatu ni mota yenyewe.

Ili kuipima mota, chomoa nyaya zake tatu na weka maltimita kwenye omu. Pima jozi zote tatu. Namba zitakuwa katika mamia ya omu, na ile kubwa inatakiwa iwe jumla ya zile mbili ndogo: mfano 160 na 200, halafu 360. Hesabu ikilingana, koili ni nzima. Jozi zikigoma kusoma kabisa, koili imekatika au fyuzi ya joto iliyofungwa ndani ya nyaya zake imeungua; fundi wa kusuka mota anaweza kuibadilisha hiyo peke yake, mwulize kabla hajakutajia bei ya kusuka. Mwisho, pima kila waya na mwili wa chuma wa mota. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma, mota inavuja na isirudishwe juu hata kama inazunguka.

Mapanga yanazunguka, taa haiwaki

Hii ni fupi. Ijaribu balbu kwenye holda nyingine. Ikiwaka, zima breka na utazame ndani ya holda: kile kiulimi cha katikati hulala kwa joto na mtikisiko mpaka hakigusi balbu. Kiinue milimita 2 au 3. Kwenye holda ya pini, bonyeza vile vichwa viwili uone kama vinarudi. Kikikwama kimoja, badilisha holda. Balbu isizidi wati zilizoandikwa kwenye holda.

Taa za bapa za LED hazina balbu, zina draiva, kiboksi kinachozipa umeme unaozifaa. Zikimulika na kuzimika kwa mpigo, draiva inakufa. Zikiwa zimezima kabisa na ukaona kitone kimoja cheusi kati ya vile vya njano, kitone hicho kimeungua na kimekata mnyororo wote. Draiva mpya ilingane na ya zamani kwa miliampea na kwa volti za kutokea, si kwa wati tu. Na kama taa inapata umeme kupitia regyuleta ya mapanga, itaendelea kuua draiva kila mara; itenganishwe na ipewe swichi yake.

Linazunguka kwa uvivu jioni tu

Usifungue chochote. Pima umeme saa mbili usiku, majirani wote wakipika na kuangalia televisheni. Mitaa iliyo mbali na transfoma hushuka sana muda huo, na nguvu ya mota hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: kutoka 230 kwenda 180, mota inabakiwa na asilimia 61 tu ya nguvu yake. Andika namba na saa kwa siku chache, kisha peleka ofisi ya TANESCO. Kinachohitaji kubadilisha nyaya za darini, kuongeza sakiti au kufungua kibao cha breka, mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kulirudisha juu

Ndoano iwe kwenye zege au kwenye mbao ya kenchi, kamwe si kwenye gipsamu wala mkanda wa silingibodi. Raba iliyoko kwenye ndoano ikiwa imepasuka, badilisha sasa. Ndiyo inayomeza mtikisiko. Bolti ya bomba linaloning'iniza mota iwe na pini yake na ncha za pini zikunjwe pande mbili. Ethi ifungwe kwenye mwili wa pangaboi hata kama fundi wa kwanza aliiacha ikining'inia. Mapanga yakae angalau mita 2.3 kutoka sakafuni.

Washa spidi ya chini, kisha ya juu. Likiyumba, zima na upime kwa rula kutoka ncha ya kila panga hadi darini, ukizungusha mapanga ili kila moja lipimwe mahali palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, kaza skrubu za lile lililoshuka, au badilishana nafasi na jirani yake upime tena. Futa vumbi juu ya mapanga yote, si mawili tu, maana vumbi la upande mmoja linatosha kuliyumbisha. Likitulia kwa spidi zote, pandisha kikombe hadi kikaribie dari bila kuigusa na ukaze skrubu zake. Kilicholegea hupiga kelele hata pangaboi likiwa zima.